Safari za Miguu ya Hasina

Kijiji cha Mikwajuni kiko ng'ambo ya kusini ya mto Pangani. Mtu wa hapo akiwa na shida ya mjini, lazima avuke mto. Lakini shida nyingi huishia hapo hapo kijijini. Watu wanalima, wanakwea minazi, wanasuka, wanaozesha, wanazika.

Hatibu alikuwa mfuaji wa nazi. Kila asubuhi alichomeka kifuo chake, kijiti kilichochongoka, nyuma ya nyumba, akazibwaga nazi moja moja juu ya ncha yake. Makumbi yakaruka kushoto na kulia. Mkewe, Sabra, alikaa barazani akisuka ukili. Ukili ule aliushona mikeka, na mikeka aliiuza katika duka moja mjini Pangani. Mama yake Hatibu, Bi Mwanasiti, alikaa karibu na mkwewe, akipepeta mchele na kumlinda mjukuu.

Mjukuu huyo aliitwa Hasina. Alikuwa mtoto mzuri, mwenye nywele nyingi na kilio kikubwa. Ila alizaliwa na miguu iliyopinda. Nyayo zake zote mbili zilitazamana, kama mtu anayetaka kupiga makofi kwa miguu.

Siku aliyozaliwa, mkunga wa zahanati aliishika ile miguu, akaitazama vizuri. Aliwaambia wazazi kwamba hali hiyo inaitwa mguu kifundo. Si uchawi, wala si kosa la mama wala la baba. Watoto wengine huzaliwa hivyo. Tena inatibika, mtoto akipelekwa mapema, mifupa yake ikiwa bado laini.

Matibabu yako Tanga mjini, hospitalini, kila Jumanne. Pale mguu hunyooshwa kidogo kidogo kwa mikono, kisha hufungwa plasta ngumu, ile wanayofungwa watu waliovunjika. Baada ya wiki moja plasta inatolewa, mguu unanyooshwa tena kidogo, unafungwa plasta nyingine. Hivyo hivyo, wiki baada ya wiki, mpaka unyooke.

"Neno kubwa ni moja," mkunga alisema. "Msiruke wiki. Mkiruka, mguu unarudi ulikotoka."

Safari ya kwanza ilikwenda vizuri. Ilikuwa kiangazi. Hatibu alimwita kijana wa bodaboda, wakapanda wote: dereva mbele, Hatibu katikati, Sabra nyuma na Hasina mgongoni. Huo ndio mshikaki, na Mikwajuni kila mtu hupanda hivyo. Wakafika Bweni, wakavuka mto kwa pantoni, wakapanda Kosta hadi Tanga. Hospitalini walipokewa na muuguzi aitwaye Benedikta, mama wa Kibondei mwenye sauti ya taratibu. Aliifunga miguu ya Hasina huku akimwimbia. Kabla hawajaondoka aliandika namba yake ya simu juu ya kadi ya mtoto. Sabra alirudi nyumbani amechoka, lakini moyo wake mweupe.

Wiki iliyofuata mvua za masika zilianza.

Jumanne hiyo walichelewa kutoka, kwa sababu walingoja mvua ikatike. Ilipokatika, Hatibu alimhimiza dereva aongeze mwendo. Wakapanda mshikaki kama mara ya kwanza. Njia ya Mikwajuni ni ya udongo mwekundu, na ukilowa huteleza kama bamia. Kwenye mteremko wa kwanza gurudumu la nyuma lilipiga upande. Pikipiki ikaenda njia yake, na wao wakaenda njia yao.

Sabra aliangukia mikono na magoti. Jambo la kwanza alilofanya ni kuupapasa mgongo wake. Hasina alikuwepo, analia. Mtoto anayelia ni mzima. Hatibu alichubuka kiwiko, na dereva aliumia kidole. Lakini plasta za mtoto zilikuwa zimeingia kwenye dimbwi. Kisha mvua ikarudi, ikawamalizia.

Walijikokota hadi Bweni. Walipovuka mto, mchana ulikuwa umekwenda, na kliniki ya Tanga hufungwa adhuhuri. Walisimama gatini, maji yakiwachuruzika, bila kujua waende wapi. Mwisho walikwenda kituo cha afya cha karibu. Mhudumu alitazama plasta zilizolainika kama mkate uliochovywa chai, akasema zikiachwa zitamchubua mtoto ngozi. Akazitoa. Kufunga nyingine hakuweza. Kazi hiyo ina wataalamu wake.

Wakarudi nyumbani na miguu mitupu.

Jumanne iliyofuata Hatibu hakusema neno juu ya safari. Alifua nazi. Sabra alipomuuliza, alijibu kwamba mvua bado inanyesha, na kwamba yeye hataki kuzika mtoto kwa ajili ya kunyoosha mguu. Bi Mwanasiti naye alikuwa na lake. Alisema marehemu mjomba wake alikuwa na mguu kama huo, akaishi na fimbo yake, akaoa na kupata watoto.

"Mungu ndiye aliyemuumba," alisema. "Mwacheni na maumbile yake."

Sabra hakumjibu mama mkwe wake. Si adabu. Lakini usiku na mchana alikuwa akiitazama ile miguu. Baada ya plasta ya kwanza ilikuwa imeanza kufunguka, kama kiganja cha mtu anayeamka. Sasa aliona kila siku inajikunja tena. Yule mjomba wa fimbo alimjua kwa kusikia tu, lakini alijiuliza kama kuna mtu aliyewahi kumuuliza mjomba huyo angependa nini.

Wiki hiyo hiyo alibeba mikeka yake, akamfunga Hasina kifuani kwa kanga, akavuka mto kwenda dukani kwa Batulbai.

Batulbai alikuwa mjane mwenye duka la vitambaa na vyombo, karibu na soko la Pangani. Babu yake alikuja kutoka Uhindi, lakini yeye mwenyewe alizaliwa mtaa ule ule, na Kiswahili chake kilikuwa cha Pangani hasa. Kila Jumanne alikwenda Tanga kuchukua bidhaa. Alifanya hivyo tangu barabara ikiwa ya mchanga na mashimo, na miguu yake yeye ikiwa haijaanza kuvimba. Watu walimwogopa kidogo, maana hakuzungusha maneno.

"Shikamoo, mama," Sabra alisema.

"Marahaba. Weka mikeka hapo, ukae. Nipe huyo mtoto."

Alimpakata Hasina, akafunua kanga, akaiona miguu. Kisha akauliza, na Sabra akamweleza yote: plasta, muuguzi na namba yake, mvua, mshikaki, dimbwi, na maneno ya nyumbani.

Batulbai hakumpa pole. Alimuuliza swali.

"Kati ya hapa na Tanga, ni wapi mliposhindwa?"

Sabra alifikiri. Kosta haikuwashinda. Pantoni haikuwashinda. Bajaji ya mjini haikuwashinda.

"Ni ile njia ya kwetu tu," alisema. "Kutoka nyumbani hadi barabara kubwa."

"Basi mmeshindwa na kipande kimoja, mkaiacha safari nzima," Batulbai alisema. "Sikiliza, mwanangu. Safari hii si moja. Ni vipande, na kila kipande kina chombo chake. Kosa lenu ni kutafuta chombo kimoja cha kuwafikisha haraka. Pikipiki ni chombo kizuri kwa abiria mmoja, mwenye kofia ngumu, njia ikiwa kavu. Watu watatu na mtoto mchanga kwenye utelezi, hicho si chombo tena. Ni bahati nasibu."

Akaendelea huku akimbembeleza Hasina. Alimweleza Sabra kwamba kila asubuhi kuna gari la abiria linalotoka vijiji vya kusini na kupita barabara kubwa kwenda Bweni. Sabra alilijua, lakini hakuwahi kulipanda, kwa sababu halifiki Mikwajuni. Batulbai alisema halina haja ya kufika Mikwajuni. Miguu inafika barabarani. Baiskeli inafika. Kwenye utelezi Hatibu aisukume ikiwa na mizigo, na Sabra atembee kando yake na mtoto. Mtembea kwa miguu akiteleza huanguka pale pale alipo. Harushwi.

Juu ya pantoni, alisema, asibaki ndani ya gari kamwe. Ashuke, asubiri magari yatangulie, kisha aingie na kusimama mbali nayo, mahali anapoyaona majaketi ya kuokolea. Kwenye Kosta atafute kiti cha katikati chenye mkanda. Mkanda ule aufunge kiunoni mwake mwenyewe, na mtoto ampakate nje ya mkanda. Wengi humfunga mtoto ndani pamoja nao, wakidhani wanamlinda. Dereva akikanyaga breki, mama anambana mwanawe kwa uzito wake wote. Na kama dereva anakimbiza gari, abiria ana mdomo. Amwambie apunguze.

"Na plasta?" Sabra aliuliza. "Mvua ikinikuta njiani?"

"Beba mfuko wa nailoni. Mvua ikija, mvishe juu ya plasta. Ikikatika, uvue, ngozi ipumue. Vidole usivifunike. Vitazame kila mara. Vikiwa na joto, ni vizima. Vikivimba, au vikibadilika rangi, usingoje Jumanne, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Hayo hata huyo muuguzi wako atakwambia. Ulimpigia siku ile mliyoanguka?"

Sabra aliinamisha macho. Alisema aliona haya kumsumbua mtu wa hospitali.

"Namba alikupa ya nini, ya kuipamba kadi?"

Sabra akacheka, na machozi yake yakamtoka hapo hapo. Batulbai alimrudishia mtoto. Alimwambia kwamba Jumanne atamngoja gatini, wasafiri pamoja. "Na ukichelewa, usikimbie. Kawia ufike."

Kabla hajatoka dukani Sabra alitoa simu yake ya kitochi, akapiga. Benedikta alimkumbuka mara moja. Alisema mtoto akikosa wiki mbili si mwisho wa dunia. Wataanza upya pale mguu ulipofikia. Lakini asikose tena.

Jioni ile Sabra alizungumza na mumewe. Hakumlaumu. Alimweleza vile vipande vya safari kimoja kimoja, naye Hatibu alisikiliza huku akinoa panga. Alipinga mawili matatu. Nani atafua nazi akisafiri kila wiki? Sabra alimjibu kwamba hana haja ya kusafiri. Awafikishe barabarani kwa baiskeli, kisha arudi kazini kwake. Yeye atakwenda na mtoto.

"Peke yako?"

"Peke yangu mpaka gatini. Pale nitakuwa na Batulbai."

Bi Mwanasiti aliguna kutoka chumbani kwake. Alisema mwanamke kuzurura barabarani kila wiki ni jambo geni katika nyumba hii. Safari hii Sabra alijibu, kwa sauti ya heshima lakini isiyotetemeka.

"Mama, sizururi. Namfuatia mwanangu miguu yake. Ikinyooka nitatulia nyumbani mpaka unichoke."

Hatibu aliacha kunoa. "Tutatoka mapema," akasema.

Jumanne walitoka alfajiri, baada tu ya swala. Njia ilikuwa imelowa. Hatibu aliisukuma baiskeli yenye mfuko wa nepi, chakula na mwavuli. Sabra alitembea kando, viatu mkononi, vidole vya miguu vikilishika tope. Kwenye mteremko ule walipoanguka, aliteleza mara moja. Alikaa kitako, akainuka, akaendelea. Hasina hata hakuamka.

Wakafika barabara kubwa, wakangoja. Wakangoja sana. Mwisho alipita mtu akitoka kusini, akawaambia gari la abiria limeharibika njiani, na leo haliji.

Hapo kijana mmoja wa bodaboda alisimama mbele yao. Barabara hii ni nzuri, alisema, haina utelezi. Pandeni wote, nusu saa mko Bweni. Hatibu aliitazama barabara, akalitazama jua lililoanza kupanda. Aliona kijana anasema kweli. Alishika mkono wa mkewe.

"Tupande tu, mama Hasina. Tukikosa leo tumekosa tena."

Sabra aliitazama ile pikipiki. Kofia ngumu ilikuwa moja, na dereva alikuwa ameitundika kwenye usukani. Magoti yake yakamkumbusha lile dimbwi. Alitamani kufika, kuliko hata Hatibu alivyotamani.

"Nitafika leo," alisema. "Lakini si kwa hii."

Kijana akaondoka zake. Hatibu alikasirika, akampa mkewe mgongo. Wakangoja tena. Hatimaye likaja gari aina ya pikapu, limejaa nazi hadi juu. Dereva wake, Nehemia, alikuwa akinunua nazi Mikwajuni na alimjua Hatibu. Alisimama, akasema anakwenda Bweni. Yuko tayari kumsaidia mama mtoto. Apande juu ya nazi, ashike kamba vizuri.

Sabra alichungulia dirishani. Gari lile lilikuwa na viti vya nyuma ndani. Juu ya viti vyote, hata kile cha mbele, palikuwa na viroba vya muhogo.

"Kaka Nehemia," alisema, "mtoto ana miguu mibovu na tunakwenda kuitibu. Sipandi juu ya mzigo. Naomba viroba vipande juu, mimi nikae kwenye kiti."

Nehemia alikuna kichwa. Alisema viroba ni vizito, na kamba itabidi ifunguliwe na kufungwa upya, na yeye ana haraka.

"Huna haja ya kushuka," Sabra alisema. "Tutavihamisha sisi."

Akamkabidhi Hatibu mtoto, akafungua mlango, akakikumbatia kiroba cha kwanza, akakivuta. Kilikuwa kizito kweli. Kilimwelemea, akayumba. Hatibu alimtazama mkewe akiyumba na kiroba barabarani, na hasira yake ikayeyuka. Alimrudishia mtoto. Alihamisha viroba vyote kwa mikono yake miwili, akavifunga juu kwa fundo la wakwezi wa minazi, lile lisilofunguka kwa mtikisiko. Nehemia naye aliona haya, akashuka, akasaidia kuvuta kamba.

Sabra akaketi, akafunga mkanda kiunoni, akampakata Hasina nje ya mkanda. Gari likaondoka. Nyuma yake Hatibu alibaki amesimama na baiskeli, mkono umeinuka, mpaka kona ikamficha.

Walipofika Bweni, pantoni ilikuwa imetoka tu. Ilikuwa katikati ya mto, inakwenda Pangani. Sabra alimtafuta Batulbai ng'ambo kwa macho, hakumwona. Alijua mama yule amemngoja, mwisho akaondoka na Kosta ya asubuhi. Sasa alikuwa peke yake.

Mwenye mtumbwi mmoja alimwita. Nafasi bado ipo ya mtu mmoja, alisema, na pantoni ikishafika kule itakaa mpaka magari yajae. Sabra alisogea ukingoni. Aliangalia ndani ya mtumbwi. Watu walikuwa wamebanana mabega kwa mabega, na maji yalikuwa karibu na ukingo wake. Jaketi la kuokolea hakuliona hata moja. Mto ulikuwa umejaa mvua za bara, una rangi ya chai ya maziwa, unakwenda kasi kuifuata bahari.

Aliwaza watakayomwambia nyumbani akirudi bila plasta. Aliwaza mjomba wa fimbo. Kisha akarudi nyuma, akaketi juu ya jiwe kivulini, akatoa simu.

"Sista, shikamoo. Ni mama Hasina. Niko Bweni, pantoni imeniacha. Nakuja, lakini nitachelewa. Nakuomba usifunge kabla sijafika."

Benedikta alimuuliza kama yuko salama. Akamwambia atamweka wa mwisho. "Njoo taratibu. Nimeshajua unakuja, nitakungoja."

Basi Sabra alimnyonyesha mtoto wake pale pale kivulini, huku moyo wake ukitulia. Mtumbwi ulivuka salama, ni kweli. Aliuona ukifika, watu wakashuka wakicheka. Hakujuta. Hakutaka kumvusha mwanawe kwa kubahatisha.

Pantoni ikarudi. Sabra alisubiri magari yaingie, akafuata, akasimama penye majaketi. Pangani alipata Kosta nyingine. Kiti cha kwanza alichopewa mkanda wake ulikuwa umekatika, akaomba kingine, na kondakta akanung'unika lakini akampa. Njiani mvua ikamwaga, yeye akamvisha Hasina ule mfuko, ingawa miguu haikuwa na plasta, ili mkono wake uzoee. Stendi ya Tanga alichukua bajaji. Bodaboda zilikuwa nyingi, tena zingepenya foleni. Lakini bajaji ina paa na ina kiti, na mtoto mchanga anataka hivyo.

Ukumbi wa kliniki ulikuwa mtupu. Viti vilikuwa vimepangwa ukutani, na mtu alikuwa akipiga deki. Sabra alisimama mlangoni. Ndipo akasikia mtu akiimba chumba cha ndani. Alikuwa Benedikta, ameshachovya bandeji.

Kwa nje, kwenye benchi la uani, Batulbai alikuwa amekaa na vifurushi vyake vya bidhaa.

"Nimekushikia kiti cha kurudia," alisema, kana kwamba walikuwa wameagana nusu saa iliyopita.

Kuanzia siku hiyo Sabra hakukosa Jumanne hata moja. Zilikuwapo Jumanne nyepesi, gari la abiria likaja kwa wakati, pantoni ikawangoja, na yeye na Batulbai wakala karanga njia nzima. Zilikuwapo nyingine nzito. Siku moja alitembea zaidi ya nusu ya njia ya Bweni. Siku nyingine Nehemia alimpitia, na viroba vilikuwa vimeshapangwa juu kabla hajafika. Wiki nyingine plasta ilianza kumbana mtoto, vidole vikavimba. Sabra hakungoja Jumanne. Alipiga simu, akaondoka asubuhi ile ile, plasta ikabadilishwa, na ngozi ilikuwa bado nzima.

Plasta zilipokwisha, daktari alimchanja Hasina kidogo nyuma ya visigino, ili mishipa mifupi ilegee. Miguu ilikuwa imenyooka. Lakini kazi haikuwa imekwisha. Hasina alipewa viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma. Miezi ya kwanza avivae mchana na usiku. Baadaye avivae wakati wa kulala tu, mpaka atimize miaka minne au mitano. Benedikta alieleza kwamba hapa ndipo wazazi wengi hulegea. Mtoto akilia wanamvua, na mguu unakumbuka ulikotoka.

Nyumbani kwa Hatibu hakuna aliyelegea. Aliyekuwa mkali kuliko wote ni Bi Mwanasiti. Yeye ndiye aliyevifunga viatu kila jioni, akapima kwa kidole kama havibani. Hasina akilia, bibi yake alimwambia anyamaze, maana mama yake amevuka mto mara nyingi kwa ajili ya miguu hiyo, na yeye hatakubali safari zile zipotee bure. Akina mama wenzake walipomuuliza kuhusu maumbile, alisema Mungu ndiye aliyeumba miguu, na ndiye aliyeumba Tanga.

Hatibu naye aliongea na vijana wa bodaboda pale njia panda. Hakuwahutubia. Aliwaonyesha kovu la kiwiko, akawaambia yeye ndiye aliyehimiza mwendo siku ile. Wengine waliendelea na mshikaki wao. Lakini watatu walinunua kofia ya pili, ya abiria, na wakakataa kumpakia mama mwenye mtoto mchanga mvua ikinyesha. Wazazi wa Mikwajuni wenye safari za hospitali wakazoea kupita kwanza barazani kwa Sabra. Naye huwauliza lile swali: kipande gani kinawashinda? Kisha huanzia hapo.

Hasina alianza kutembea kama watoto wengine, kwa kuanguka na kuinuka. Alikuwa ametimiza mwaka na nusu walipokwenda Tanga kwa uchunguzi. Kosta ilipoingia stendi, Sabra alishuka naye amempakata kama kawaida. Mtoto alijinyonga, akanyoosha miguu yake chini.

"Mwenyewe," alisema.

Sabra aliangalia. Mahali pale palikuwa wazi, hapana gari linalosogea. Akamweka chini, akamshika kidole. Hasina alikiachia kile kidole. Akaanza kutembea kuelekea kwenye bajaji, nyayo zake mbili zikikanyaga chini kwa upana wake wote, tumbo mbele, mikono imetawanyika. Alisimama kutazama ganda la embe. Akaendelea. Sabra alimfuata hatua moja nyuma.

Dereva wa bajaji alikuwa ameshawasha injini.

"Dada, mnyanyue mtoto twende. Tutachelewa."

"Mngoje," Sabra alisema. "Anakuja mwenyewe."